Suki ni Nakupenda

Kuna ubishi mmoja wa watu wa anime ambao hauishi. Weka wasee wanne pamoja, Nairobi, Mombasa ama Eldoret, na lazima utazuka kabla chai ipoe: dabu au sabu? Unatazama ikiwa na sauti za Kiingereza, ama unaacha Kijapani kiongee na wewe unasoma maandishi pale chini? Anayesema dabu anaonekana kama mtoto aliyelelewa na katuni za Jumamosi asubuhi. Anayesema sabu ndiye mtu wa maana, mwenye subira, anayetazama "kitu orijino". Hiyo ndiyo ngazi, na wengi wetu tumeipanda bila kuuliza nani aliijenga.

Nataka kuushika ubishi huu kupitia mfululizo mmoja tu, maana ukiongea kuhusu anime yote kwa mpigo hutasema kitu. Mfululizo wenyewe ni Neon Genesis Evangelion, kazi ya Hideaki Anno na studio ya Gainax, episodi 26 zilizoonyeshwa TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996. Kama hujaitazama, stori kwa ufupi ni hii. Shinji Ikari, kijana wa miaka 14, anaitwa na baba yake ambaye hajaishi naye kwa miaka mingi. Anadhani labda amekumbukwa. Kumbe baba anatafuta dereva. Kuna dude kubwa la kutisha linaloitwa Eva, kuna viumbe vinavyoitwa Malaika vinavyokuja kuangamiza mji, na ni watoto wa umri huo pekee wanaoweza kuliendesha hilo dude. Huzuni inaanzia hapo na haipungui.

Nimeichagua kwa sababu Kiingereza kimeipitia mara mbili, mwanzo hadi mwisho. Kampuni ya Marekani iitwayo ADV Films, ya kule Houston, Texas, ilianza kuitoa kwa kanda za VHS mwaka wa 1996. Enzi hizo dabu ilikuwa kanda yake na sabu kanda yake, kwa hivyo kuchagua kulikuwa ni pesa mfukoni. Halafu tarehe 21 Juni 2019 Netflix wakaileta kwa dunia nzima wakiwa na dabu mpya, waigizaji wapya na sabu mpya. Una Kijapani kimoja na Kiingereza mbili. Ni kama mashahidi wawili wa ajali moja: kila mmoja akisema yake, ndipo unaanza kuona nani aliona nini.

Na mashahidi hawa walikosana vibaya sana kwenye episodi ya 24.

Hapo anatokea kijana mwingine, Kaworu Nagisa, ambaye ni mpole, anatabasamu ovyo, na ndiye mtu wa kwanza katika mfululizo mzima anayemtazama Shinji bila kumwomba afanye kazi yoyote. Wakiwa bafuni, Kaworu anamwambia kwamba anastahili koui. Shinji haelewi, anauliza: koui? Kaworu anamfafanulia kwa neno jepesi zaidi: suki. Sabu na dabu za ADV zote zilisema "love". Za 2019 zikasema "like". Neno moja, na mtandao ukawaka. Watu waliokuwa wamekua na ile "love", hasa vijana waliojiona ndani ya Shinji na Kaworu wakati ambapo hawakuwa wakijiona kwingine kokote kwenye televisheni, walihisi wameporwa. Walisema Netflix wamefuta mapenzi ya wavulana wawili ili wasiudhi mtu. Mfasiri wa toleo jipya, Dan Kanemitsu, alijitetea hadharani, na hoja yake kwa maneno yangu ilikuwa hivi: mhusika kutamka mapenzi ni jambo moja, mtazamaji kuyahisi mapenzi na kuachwa akikisia ni jambo lingine.

Sasa simama hapo kidogo, wewe unayesoma haya kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili ungesemaje?

Ungesema "nakupenda". Basi. Nakupenda, na mjadala umekwisha kabla haujaanza. Maana sisi tunapenda chai, tunapenda Arsenal, tunampenda mama, tunampenda yule tuliyemwona stage akipanda matatu ya Rongai, na kitenzi ni kilekile. Anayesikia ndiye hujua ni kupenda gani, kutokana na sauti, na macho, na saa ya usiku. Suki ya Kijapani inatembea vivyo hivyo: unaisema kuhusu mchele na unaisema ukiwa umeshika mkono wa mtu. Kiingereza kina milango miwili na kinakulazimisha uingie mmoja. ADV waliingia huu, Netflix wakaingia ule, na wote wawili walipoteza kitu ambacho Kaworu alikuwa amekiacha wazi kwa makusudi. Miaka zaidi ya ishirini ya ugomvi, na mzizi wake ni upungufu wa lugha ya tatu ambayo si ya Anno wala si yetu.

Hapa ndipo ngazi ya dabu na sabu inapoanza kuyumba. Mtu wa sabu hujiambia anatazama Evangelion yenyewe. Lakini kama hajui Kijapani, anachosikia ni muziki wa lugha, na anachoelewa ni Kiingereza kilichoandikwa na mtu fulani akiwa mezani na tarehe ya mwisho. Yule aliyesoma "like" na yule aliyesikia "like" wamelishwa kutoka sufuria moja. Tena wa sabu ana hatari zaidi kidogo, kwa sababu sauti halisi inayopita masikioni mwake inamfanya ayaamini maandishi kupita kiasi.

Na huo "uorijino" wenyewe una mashimo. Evangelion ya 1995 ilifunga episodi zake kwa matoleo mbalimbali ya wimbo wa Kimarekani, Fly Me to the Moon. Netflix, nje ya Japani, wakauondoa wimbo na kuweka kinanda. Kwa hivyo msee wa Nairobi aliyekataa dabu mwaka wa 2019 ili aone kazi jinsi ilivyo, alikaa mpaka mwisho wa kila episodi akisikiliza kitu ambacho Mjapani wa 1995 hakufungiwa nacho.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa sabu hawapendi kuambiwa. Anime nyingi za Kijapani hurekodiwa sauti baada ya picha kuchorwa, au angalau baada ya michoro ya awali kupangwa. Wenyewe huita afureko. Muigizaji husimama mbele ya maiki, anatazama mdomo uliochorwa ukifunguka na kufungwa, naye anaingiza maneno. Ndiyo maana Akira ya 1988 ilisifiwa sana kwa kufanya kinyume, kurekodi sauti kwanza na kuchora midomo baadaye. Kwa maana hiyo Kijapani cha Evangelion pia kilibandikwa juu ya picha, kama Kiingereza kilivyobandikwa. Tofauti ni kwamba mwandishi na mwelekezaji walikuwa chumbani.

Tofauti hiyo si ndogo, na hapo lazima niwe mkweli kwa upande wa pili. Sauti ya Shinji kwa Kijapani ni ya Megumi Ogata, mwanamke ambaye alikuwa na miaka 30 mfululizo ulipoanza, na mpaka leo sijasikia mtoto wa kiume aliyevunjika akisikika hivyo. Kile kilio chake kwenye filamu ya The End of Evangelion ya 1997 hakihitaji maandishi ya lugha yoyote. Spike Spencer wa ADV alijitahidi, na kuna episodi za kati ambapo anafika. Lakini mwanzoni Shinji wake analalamika, wakati yule wa Ogata anaomba radhi kwa kuwepo duniani. Ukisikia kulalamika utamchoka kijana huyo mapema, na ndiyo sababu Wamarekani wengi walimfanya Shinji mzaha kwa miaka. Nadhani dabu ilichangia.

Ila ukija kwa Asuka, meza inapinduka. Asuka amelelewa Ujerumani, na mara kwa mara Kijerumani kinamtoka. Yuko Miyamura wa Kijapani ana moto wote unaotaka, lakini Kijerumani chake kinasikika kama mtu aliyekiokota asubuhi hiyo. Tiffany Grant wa ADV anakijua Kijerumani kweli, kwa hivyo Asuka akiongea na mama yake wa kambo kwa simu kwenye episodi ya 22, ni kwenye dabu ambapo unaamini huyu ni msichana mwenye nyumba nyingine mbali, na mlango wake umefungwa. Kitu kilichoandikwa na Mjapani kilikuja kutimia Texas. Hakuna kanuni ya sabu inayoweza kukupa hicho.

Halafu kuna swali la nani yuko sebuleni. Nilipokuwa nikiirudia Evangelion mara ya tatu nilikuwa nyumbani, na mamangu alikuwa mezani nyuma yangu akiambua minji. Nilikuwa nimeweka dabu kwa uvivu tu, mikono yangu ikiwa na kazi nyingine. Yeye hakuwa akitazama. Alikuwa akisikiliza, jinsi anavyosikiliza redio. Tulipofika pale Gendo anamwambia mwanawe apande dude au aende zake, akanyamaza na minji, kisha akauliza: "Na huyo ni baba mzazi?" Nikamwambia ndiyo. "Amemwita kazi tu?" Ndiyo, mum. Akaendelea kuambua. Baadaye kidogo: "Na hakuna hata shangazi?"

Nimesoma makala mengi marefu kuhusu Evangelion, yaliyojaa Freud na Kabbala. Sijaona swali linalofika karibu na lile la shangazi. Shinji amezungukwa na watu wazima wenye vyeo, na hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kuwa wake. Kwa sabu, mamangu angesikia kelele za Kijapani tu. Macho yake siku hizi hayafuati maandishi madogo, na hata yangefuata, yalikuwa kwa minji. Ukisema dabu ni ya wavivu, kumbuka umemtoa nje mtu anayepika, mtu asiyeona vizuri, mtoto ambaye bado anasoma akifuata kidole, na mtu aliyeacha shule kabla Kiingereza hakijamkolea. Hao si watu wachache katika jiji hili.

Sabu nayo ina bei yake hata kwa anayesoma haraka. Netflix huruhusu mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42. Humo ndimo mtu mwenye maneno kumi na mawili ya hasira hugeuzwa kuwa mtu wa maneno saba. Na Evangelion ina watu wanaoongea kwa kasi kwenye chumba cha amri, na kadi nyeusi zenye maandishi meupe ya Kijapani zinazopita kama umeme, zote zikidai macho yako kwa wakati mmoja. Macho yakiwa chini, hayako usoni mwa Rei. Bahati nzuri Anno ni mtu wa ukimya. Ile lifti ya episodi ya 22, Asuka mbele na Rei nyuma yake, hakuna anayesema neno kwa karibu dakika nzima. Na kwenye ile ya 24, Shinji akimshika Kaworu kwenye mkono wa Eva, picha inaganda huku Beethoven akiendelea, muda mrefu kiasi kwamba unadhani data imeisha. Pale dabu na sabu ni sawa. Pia ni pale ambapo mfululizo huu ni mkubwa zaidi, ingawa sitalifanya hilo kuwa hoja.

Kinachonishangaza ni kwamba tunabishana kana kwamba njia ni mbili tu, ilhali sisi tumekulia kwenye ya tatu. Kibanda cha video cha mtaani hakikujua sabu wala dabu. Kilijua DJ Afro, anayepanda juu ya filamu ya mapigano na kuisimulia upya kwa Kiswahili na Sheng, anacheka, anawapa watu majina, anakuambia nani ni steringi na nani atakufa. Tanzania walikuwa na marehemu Lufufu, Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Purist atasema huko ni kuharibu kazi ya watu, na mara nyingine kweli ni kuharibu. Lakini DJ Afro alielewa kitu ambacho Netflix bado hawajakielewa, kwamba mtazamaji anataka kuongeleshwa na mtu wa kwao. Evangelion ingemshinda, nakiri, maana pale steringi hataki kupigana na anashinda analia.

Wachina waliliona pengo hilo mapema. Mwaka wa 2011 tamthilia yao ya Doudou na mama wakwe zake ilionyeshwa Tanzania ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam mwaka wa 2013. Unaweza kuuliza, na ni vizuri uulize, kwa nini serikali inafurahia tamthilia ya mama mkwe. Lakini kazi ilifanyika, na watu wakaketi na bibi zao wakatazama.

Anime ingekaa vizuri kwa Kiswahili kuliko inavyokaa kwa Kiingereza, na sisemi hivyo kwa uzalendo. Anza na mdomo. Kijapani ni lugha ya silabi wazi, nyingi zikiishia na irabu, na Kiswahili ni hivyohivyo. Shinji kwenye episodi ya kwanza anajirudia rudia kwamba hafai kukimbia: nigecha dame da, nigecha dame da. Kiswahili kinaliweka lote kwenye neno moja linalopigapiga vilevile. Nisikimbie. Nisikimbie. Nisikimbie. Halafu njoo kwa Asuka na tusi lake maarufu, anta baka. Kiingereza huzunguka hapo kikitafuta swali la dharau. Sisi tuna neno limezaliwa kwa kazi hiyo: "Kwani we ni fala?" Hiyo "kwani" imebeba nusu ya tabia ya Asuka.

Na heshima. Shinji humwita bosi wake Misato-san, yeye humwita Shinji-kun, na Kiingereza kikavifuta vyote viwili. Hapa kwetu Shinji angekwama kama anavyokwama kila kijana wa miaka 14 anayeishi na mwanamke wa miaka 29. Amwite dada? Amwite auntie? Akisema auntie, Misato anaweka bia chini na nyumba inawaka. Hiyo ni komedi ambayo Kiingereza hakiwezi kuipata hata kikilipwa.

Hata wanyama wamepangwa vizuri. Episodi ya 4 kwa Kiingereza inaitwa Hedgehog's Dilemma, kutokana na fumbo la Schopenhauer la wanyama wenye miiba wanaotaka joto la mwenzao na wanachomana wakikaribiana. Hedgehog ni kalunguyeye, kadogo, kazuri, unaweza kukafuga. Lakini Kijapani wanachosema ni yamaarashi, na Schopenhauer mwenyewe alikuwa anaongea kuhusu nungunungu. Mtu aliyewahi kuona mwiba wa nungunungu, ule mrefu wa nyeusi na nyeupe, anajua kwamba kukaribiana huko si kuchomwa kidogo.

Shida zipo. Maneno yetu ni marefu, na "nisingekukimbia" ikiwekwa kwenye herufi 42 inakula theluthi ya mstari. Sauti tulizozizoea kwenye tafsiri rasmi ni za mtangazaji wa taarifa ya habari, na Gendo akisomwa hivyo tutacheka. Na kungezuka vita papo hapo kuhusu Kiswahili cha nani: cha Unguja, cha Eastlands, au cha mtihani.

Kwa sasa, kama unaanza wiki hii, ushauri wangu ni wa kienyeji. Ukiwa peke yako na usiku ni mrefu, weka Kijapani na usome, kwa ajili ya Ogata. Ukiwa na watu chumbani, weka dabu na usiombe msamaha. Ukipata zile za zamani za ADV, tazama angalau episodi ya 22 kwa Kiingereza chao. Na ukifika ya 24, zima maandishi kwenye lile tukio la bafuni, kwa sababu sasa unajua yanasema nini.

Mimi nimejaribu kuliandika tukio hilo kwa Kiswahili. Suki haikunisumbua hata dakika. Kilichonishinda kwa siku kadhaa ni ile koui, neno la adabu, la mtu aliyesoma, ambalo ni lazima limchanganye kijana wa 14 kidogo ili aulize maana yake. Sabu ya Netflix iliweka "grace", kana kwamba Kaworu ni padri. Hisani ni ya mfadhili. Mahaba imeshalowa manukato. Nimetulia kwa huba, ingawa nayo imezoeleka tangu iwe jina la tamthilia ya Kibongo, na ingawa ni nzito kuliko koui, kwa sababu ni neno analoweza kulitamka Kaworu tu na ambalo Shinji angelisikia kama kitu cha kwenye kitabu.

"Unastahili huba."

"Huba?"

"Yaani, nakupenda."